Sumbawanga Mpaka Kasanga: Kuifuata Meli ya Sinema Yangu

Kila mtu ana sinema yake. Ile moja ambayo ukiikuta kwenye TV saa sita usiku, na kesho yake una kikao saa mbili asubuhi, bado utakaa nayo mpaka majina ya mwisho yapite. Kwa shoga yangu mmoja ni Titanic. Kwa dada wa hapa ofisini ni Girlfriend, ile ya George Tyson iliyotufanya Wabongo tuanze kuamini kwamba na sisi tunaweza. Yangu mimi ni kongwe kuliko mama yangu mzazi. Inaitwa The African Queen, ya mwaka 1951, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn ndani ya kiboti kimoja kibovu.

Kama hujaiona, kwa kifupi ni hivi. Ni mwaka 1914, hapa hapa kwetu enzi za Mjerumani. Rose, dada wa Kiingereza mcha Mungu kupita kiasi, anafiwa na kaka yake mmisionari baada ya askari kuchoma kijiji. Anayekuja kumchukua ni Charlie, fundi boti, mlevi, ndevu hovyo, shati halijaona sabuni tangu Krismasi. Wanashuka mto pamoja, na katikati ya safari Rose anapata wazo la kichaa: watengeneze topido za kienyeji wakaizamishe Louisa, meli ya Wajerumani inayotawala ziwa. Njiani wanagombana, dada anamwaga pombe ya kaka mtoni chupa baada ya chupa, wananuniana, kisha wanapendana. Na si mapenzi ya vijana wa miaka ishirini. Ni mapenzi ya watu wazima waliokwishakata tamaa kwamba kuna mtu atawataka. Ndiyo maana nikiitazama nalia, na nimeitazama zaidi ya mara arobaini.

Sasa sikiliza. Meli ile ipo.

Hadithi ya sinema ilitokana na riwaya ya C.S. Forester ya mwaka 1935, na riwaya ilitokana na vita vya kweli vya Ziwa Tanganyika. Meli ya kweli iliitwa Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikapanda reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa upya na kuingia majini mwaka 1915. Leo inaitwa Liemba.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na zamani hizo meli za ziwani zilikuwa chini ya reli. Alikuwa na deki na mikanda ya video isiyozidi kumi, mmoja wapo ukiwa huo. Louisa ikitokea tu kwenye kioo, baba alikuwa anasimamisha mkanda, anageuka, anatuambia watoto: "Mnaiona hiyo? Nimeshaipanda hiyo." Nilikuwa na miaka minane. Nilidhani baba yangu alikuwa kwenye sinema.

Barua ya uhamisho

Rafiki yangu aliyeolewa mwaka mmoja kabla yangu alikwenda fungate Uingereza, na siku moja nzima ya fungate hiyo, yeye na mumewe waliitumia pale Leavesden nje ya London, kwenye studio za Warner Bros. walikotengeneza Harry Potter. Wanapokea wageni tangu mwaka 2012. Unalipa tiketi, unaingia ukumbi wenyewe, unagusa kuta ambazo ukigonga unagundua si mawe, unakunywa kinywaji cha kwenye hadithi, unatokea dukani. Aliporudi alikuwa na fimbo ya uchawi kwenye boksi na picha mia tatu. Sikumwonea wivu wa London. Nilimwonea wivu kwamba shabiki wa Potter ana mahali pa kwenda.

Shabiki wa sinema yangu aende wapi? Kiboti chenyewe kipo Key Largo, Florida, kinabeba watalii. Mto wanaoshuka ni wa Kongo, Ruiki, karibu na mji ambao siku hizi unaitwa Ubundu. Maporomoko ni Murchison, Uganda. Ziwa ni Albert, pale Butiaba. Na zile sehemu ambazo Bogart yumo ndani ya maji mpaka kifuani akivuta boti kwenye matete, ambazo mimi nilikuwa nikizitazama huku nimejikunyata, zilipigwa ndani ya tangi la maji kwenye studio moja Isleworth, London, kwa sababu maji ya Afrika yalionekana hatari kwa afya ya mastaa. Tanzania, ambako ndiko kisa kilikotokea, hatukupata hata jina la mto kwa usahihi. Mto wa kwenye sinema unaitwa Ulanga. Mtanzania yeyote aliyesoma jiografia darasa la sita anajua Ulanga iko upande wa Kilombero na maji yake yanakwenda Rufiji, Bahari ya Hindi. Kuufuata mpaka ziwani ungelazimika kupandisha boti milima ya Iringa.

Hapo ndipo ilipokuja barua ya mume wangu. Taasisi anayofanyia kazi ilimhamishia Sumbawanga, anatakiwa aripoti Julai.

Mpenzi msomaji, kama umeolewa na mtumishi wa umma unajua barua hizi zinavyoingia nyumbani. Hakuna anayepiga kelele. Inawekwa juu ya meza ya chakula, inakaa pale siku tatu, mnaizunguka kama nyoka. Mimi nina kiti changu cha uhariri nilichokipigania miaka sita. Yeye akikataa, faili lake linachafuka. Tulikuwa na miaka miwili tu ya ndoa.

Ndugu nao hawakusaidia. Ukitaja Sumbawanga Dar es Salaam, watu wanacheka kwanza, halafu wanakuonea huruma. Huko ndiko video zetu za kutisha zinakopeleka mganga wa mwisho, yule ambaye waganga wote wa Bagamoyo wameshindwa. Radi zinatumwa kwa jina na anuani, ndivyo tunavyoambiana. Shangazi yangu mmoja alinishauri nisimwachie mume aende peke yake, watamchukua. Shangazi mwingine akanishauri nisiende, watatuchukua wote. Cha kuchekesha ni kwamba wenyeji wenyewe wanaeleza jina la mji wao kinyume kabisa na sifa hiyo. Kwa Kifipa, wanasema, sumba ni tupa na wanga ni uchawi. Kwa hiyo Sumbawanga ni mahali pa kuutupa uchawi, uuache nje kabla hujaingia.

Mwenzangu akasema kabla hatujaamua chochote twende tukauone mji. Nikakubali kwa sharti moja. Tukifika Sumbawanga tunaendelea mpaka Kasanga, ziwani. Hakuuliza kwa nini, maana mkanda huo ameshaonyeshwa mara nne tangu tuanze uchumba, na mara zote nne alilala kabla boti haijafika kwenye maporomoko.

Juu kwa juu

Tulikwenda Juni 2023. Ndege mpaka Songwe, Mbeya, halafu barabara. Tunduma ni malori tu, foleni ya kuingia Zambia ambayo haina kichwa wala mkia. Ukishakata kulia kuiacha Tunduma nyuma, dunia inabadilika. Lami nzuri, zaidi ya kilomita 220 mpaka Sumbawanga, na watu wachache. Kulia na kushoto ni mahindi yaliyokwishakauka yanasubiri kuvunwa, maharage, ulezi, na mbingu kubwa kuliko nilizozizoea. Hakuna miti ya kukuziba. Ufipa ni uwanda wa juu, kama meza iliyowekwa kati ya mabonde mawili: mashariki chini liko Ziwa Rukwa, magharibi chini liko Tanganyika. Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi.

Na baridi! Juni Sumbawanga si ile baridi ya Dar ya kuongeza kashuka. Tulifika jioni, nimevaa blauzi ya mikono mifupi, dada wa mapokezi kwenye gesti ananitazama. "Pole dada, hukuambiwa?" Akanipa koti lake mpaka asubuhi. Kesho yake tukaenda Soko Kuu kununua masweta ya mitumba kabla ya kunywa chai.

Sitaki kukudanganya kwamba Sumbawanga ni Paris. Ni mji wa mkoa wenye mitaa mipana, maduka ya pembejeo, makanisa mengi na watu wanaolala mapema. Ukitafuta pa kutoka Ijumaa usiku na mwenzi wako utazipitia sehemu zote kabla ya saa nne. Lakini nilichokiona kwa siku mbili ni kwamba hakuna anayekukimbiza. Ugali wa ulezi, mweusi, unanukia, na samaki aina ya mgebuka aliyetoka ziwani, vililetwa mezani bila haraka, na mama mwenye mgahawa akavuta kiti akakaa nasi kutuuliza tumetoka wapi na kwa nini. Mume wangu akamwambia anahamia kikazi. "Na mama je?" akauliza, ananiangalia mimi. Nikaona migebuka ina miiba mingi, nikashughulika nayo.

Shabiki kamili huona sinema yake kila mahali, na mimi ndiyo hivyo. Nikapita mbele ya kanisa katoliki nikawaza: Rose wangu alikuwa Mmethodisti, na angekuja Ufipa angekuta Mapadri Weupe wamemtangulia, maana walifika Karema, upande wa ziwa, mwaka 1885. Nikamwambia mwenzangu. Akasema, "Mama, tunatafuta nyumba ya kupanga."

Ilipo seti ya kweli

Kutoka Sumbawanga mpaka bandari ya Kasanga ni kilomita 112, unapitia Matai, makao makuu ya wilaya ya Kalambo. Tulikodi gari, dereva kijana wa huko huko. Baada ya Matai unaendelea kwenye ule uwanda, huoni dalili yoyote ya ziwa, halafu ghafla ardhi inaisha. Barabara inaanza kuteremka, masikio yanaziba, sweta linatoka, dirisha linafunguliwa. Ziwa liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo unashuka karibu kilomita nzima kwenda chini. Ukikunja kona moja unaliona lote, bluu, na milima ya Kongo kama wingu ng'ambo.

Nilimwomba dereva asimame. Nikashuka. Sikusema kitu, na namshukuru mume wangu kwamba hata yeye hakusema.

Ni lazima nieleze kwa nini Kasanga na si Kigoma, maana meli yenyewe, Liemba, wakati huo ilikuwa imeegeshwa Kigoma ikisubiri ukarabati mkubwa. Kwanza ni jina. Livingstone alipofika ncha ya kusini ya ziwa hili mwaka 1867 aliambiwa na wenyeji kwamba linaitwa Liemba, na akaliandika hivyo. Kwa hiyo Waingereza walipoiibua meli ya Wajerumani mwaka 1924 na kuirudisha kazini Mei 1927, jina waliloipa ni la upande huu. Meli imezaliwa Ujerumani, imebatizwa kwa neno la kusini.

Pili ni boma. Kasanga enzi za Mjerumani iliitwa Bismarckburg, na hapo ndipo mchezo wote wa ziwa ulipofikia kwenye sehemu ambayo Hollywood waliipitia mbali. Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1915 Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa meli mpaka Cape Town, kisha kwa treni, kwa matrekta na kwa ng'ombe juu ya milima ya Mitumba huko Kongo, mpaka zikaingia Tanganyika. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alikuwa mtu wa vituko, alikuwa akivaa sketi mbele ya askari wake. Desemba 26, 1915 wakaiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 9, 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Walipoiona Graf von Götzen, kubwa kupita zote, hawakuigusa.

Juni 1916 wakapewa kazi ya kuziba njia ya majini hapa Kasanga, wakati jeshi la Luteni Kanali Murray kutoka Rhodesia ya Kaskazini linakuja kwa nchi kavu. Juni 5 Spicer-Simson akafika, akaliona boma juu ya rasi na mizinga yake imeelekezwa ziwani, akageuza boti akaondoka. Kisha usiku Wajerumani wakapanda vyombo vyao kimya kimya wakatoroka. Murray alikasirika mno. Na baadaye, inasimuliwa, wakagundua kwamba mizinga ile ilikuwa ya mbao.

Mbao, jamani! Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu ofisini. Rafiki yangu alikwenda mpaka Leavesden kugusa kuta za uongo. Hapa kwetu, miaka thelathini na mitano kabla ya Bogart kuja Afrika kuigiza sinema hii, watu walishajenga seti, wakaweka mizinga ya uongo, na watazamaji wakaamini wakakimbia. Hata Graf von Götzen, wakati ule ule, mizinga yake ya kweli ilikuwa imeng'olewa ikapelekwa vitani nchi kavu, na mahali pake ikawekwa ya bandia.

Leo hakuna tiketi, hakuna mwongozaji, hakuna duka. Mabaki ya boma ni mawe na nyasi. Tulikwenda kwanza serikali ya kijiji kuomba ruhusa na kujitambulisha, na wakatupa mtu wa kutusindikiza, mzee wa makamo ya baba yangu ambaye ujana wake wote alikuwa kuli pale gatini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mmekuja kuona mawe?"

Nikamwambia nimekuja kwa sababu ya sinema. Akanitazama vizuri. Sinema gani? Nikamweleza, Bogart, Rose, boti, topido, yote. Akasikiliza mpaka mwisho akauliza, "Na hiyo meli kubwa ni Liemba yetu?" Nikasema ndiyo, ila humo inaitwa Louisa. "Basi nitaiona leo."

Jioni ile, kwenye baraza la gesti, na jenereta ya jirani ikinguruma, niliifungua kompyuta yangu ndogo. Alikuja mzee, akaja mkewe, akaja mama muuza dagaa na binti zake wawili, vijana wa bodaboda wakasimama nyuma. Sauti ilikuwa ndogo na Kiingereza cha Bogart ni cha kutafuna, kwa hiyo nikawa natafsiri. Sijawahi kutazama sinema ile na watu wengi vile. Rose alipoanza kumwaga chupa za pombe mtoni, vijana wa bodaboda waliguna kwa uchungu na akina mama wakapiga makofi. Mama muuza dagaa hakuwa na shida kabisa na mapenzi yale. Shida yake ilikuwa nyingine. "Huyu dada wanasema ameokolewa. Mbona usukani anashika yeye?"

Ikafika mwisho. Kwenye sinema, Rose na Charlie wanakamatwa, wanataka kunyongwa, wanaomba nahodha awafungishe ndoa kwanza, anawafungisha, na papo hapo Louisa inagonga topido zilizobaki kwenye kiboti kilichopinduka, inalipuka, inazama. Wapenzi wanaogelea wakiimba. Ni mahali ninapolia siku zote.

Mzee akatikisa kichwa. "Hapo wamedanganya."

"Kivipi, mzee?"

"Ile meli haikulipuliwa na mtu. Waliizamisha wenyewe. Walizipaka mashine grisi, nene hivi, kila mahali, ndipo wakaizamisha taratibu. Walikuwa wanataka kurudi." Akasimama kidogo. "Hawakurudi wao. Lakini mashine ziliwaka."

Ni kweli kabisa, na nilikuwa naijua habari hiyo kwenye vitabu. Julai 26, 1916, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, mafundi wa Kijerumani waliambiwa waizamishe isije ikatekwa, na wakaifunika mitambo kwa grisi kwanza. Na Waingereza walipoiibua, mitambo ilikuwa bado inafaa kazi. Lakini kuisikia ikisemwa na mtu aliyeipakia mahindi na kushusha abiria wake, kwenye giza, huku ziwa lenyewe unalisikia pale chini, ni kitu kingine. Kwa miongo mingi Kasanga ilikuwa kituo cha mwisho cha Liemba upande wa Tanzania kabla ya Mpulungu, Zambia. Mzee alisema ikija usiku walikuwa wanaisikia honi kabla ya kuiona taa, na kijiji kizima kinaamka, chai inawekwa jikoni. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi Kongo, na mwaka 2015 ikabeba Warundi kutoka Kagunga kuwaleta Kigoma. Louisa ya sinema iliishi dakika 105.

Nami nikiri hadharani, kama shabiki: ule mwisho wa Hollywood siku hizi naona umepungua chumvi.

Nikageuka kumwangalia mume wangu nikitegemea kukuta amelala. Alikuwa macho. Ameitazama yote. "Kumbe walioana," akasema.

Ngazi za Kalambo

Wakati wa kurudi tukakata kuelekea kijiji cha Kapozwa kuyaona maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia. Maji yanaanguka mara moja tu, bila kugusa kitu, mita 235 hivi. Victoria, ambayo watu wanauza magari ili waende, ina mita 108. Ukingo una korongo wanaojenga viota kwenye ukuta wa mwamba, unawatazama wakiruka chini yako, si juu. Boti ya Charlie ingepita hapa, sinema ingekuwa fupi. Miezi mitatu baada ya sisi kuondoka, Septemba 2023, wanasayansi walitangaza kwamba upande wa Zambia, juu kidogo ya maporomoko, wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na watu miaka 476,000 iliyopita. Watu wa kale hata kuliko sisi wanadamu wa leo, na tayari walikuwa wanajenga.

Pana ngazi zilizojengwa za kushuka bondeni. Kushuka ni raha. Kupanda, ndipo tulipozungumza ile barua, kwa sababu hakuna mwenye pumzi ya kugombana. Mtu anasema sentensi moja, anashika goti, mwenzake anajibu baada ya ngazi ishirini. Naipendekeza kwa wanandoa wote.

Nilimwambia sitaacha kazi. Ngazi ishirini. Akasema hajawahi kuomba niache. Ngazi ishirini. Nikamwambia naogopa, si uchawi, naogopa tutazoea kukaa mbali. Hapo tukakaa chini kabisa. Akasema, "Basi tupake grisi."

Tukapanga pale pale. Mwaka mmoja, yeye Sumbawanga, mimi Dar. Tunakutana Mbeya kila baada ya wiki sita, katikati. Simu kila usiku hata kama hakuna la kusema, na hakuna kuamua jambo la fedha kwa meseji. Likizo yangu yote naipeleka Ufipa. Mwaka uliisha, tukaketi, tukaongeza mwingine. Kuna miezi imekuwa migumu, sitaki nikupambie. Kuna safari moja tulifika Mbeya tukanuniana siku zote mbili, kila mtu akapanda gari lake akiwa na hasira. Shangazi zangu wote wawili wana maoni juu ya hilo.

Mkitaka kwenda

Kiangazi, Mei mpaka Oktoba, ndiyo safi. Shukeni Songwe, pitieni Tunduma, laleni Sumbawanga angalau usiku mbili, mmoja wa kupumzika na mmoja wa milima ya Mbizi, ambako msituni wapo mbega wekundu. Matai ni pazuri kujaza mafuta na kununua maji. Kalambo iko chini ya watu wa misitu, TFS, lipieni kiingilio na mwanze kushuka asubuhi mapema, maana jua la mchana kwenye zile ngazi halina huruma. Kasanga, anzieni serikali ya kijiji, hasa kama mna kamera kubwa. Kuhusu Liemba, msipange safari juu yake kabla ya kupiga simu bandarini Kigoma kuuliza kama inatembea. Pakieni sinema kwenye kompyuta au simu mkiwa bado mjini, na spika ndogo, maana watazamaji watakuja.

Na sweta. Mbili.